Harusi Imesogezwa Mbele

Ti, ti, tooo.

Noti tatu tu. Mbili fupi za haraka, na ya tatu ndefu, laini, inayoning'inia hewani mpaka unajikuta umegeuza shingo kutazama ni nani anakuita.

Sauti hiyo ilitoka nyuma ya mlango wa chumba cha mapokezi, nanyi wasomaji wiki nzima mmenisumbua mkitaka kujua nani aliiwasha. Kalenda, mpanga tarehe wa kampuni, hakuwa na wiki nzima. Aliitupa mezani kalamu ya kuandikia ubaoni, akawaacha wakubwa wa kampuni vinywa wazi mkutanoni, akausukuma mlango.

Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na televisheni.

Kwenye kioo ilizunguka mashine ya gemu, nyeusi, nyembamba, imejaa maringo. Chini yake maneno mekundu: INATOKA JUMAMOSI HII.

Mashine haikuwa yao. Ilikuwa ya Jirani. Ndivyo wanavyoiita kampuni ya ng'ambo ya barabara, mpinzani wao wa tangu zamani.

Lakini sauti ilikuwa yao. Na kabla haijawa yao, ilikuwa ya Kalenda mwenyewe.

Aliyeitunga ni mchumba wake, fundi sauti ambaye mji mzima unamwita Kinanda. Kabla haijaingia kwenye mashine yoyote ilikuwa mluzi. Ndio mluzi aliokuwa akiupiga getini kwa Shangazi, jioni, akija kumwona Kalenda. Kampuni ilipotafuta mlio wa kuwashia mashine mpya, Kinanda aliwapa ule. Alimwambia Kalenda siku hiyo, "Kila nyumba itakayowasha mashine yenu, itakuwa inakuita wewe."

Sasa ulikuwa unawaita watu kwa Jirani.

"Makubwa!" Sauti ya Bwana Mauzo, mkuu wa mauzo, ilimjia mgongoni. "Hiyo si kazi ya mchumba wako? Au masikio yangu yameanza kuzeeka kabla yangu?"

Kalenda alishika ukingo wa meza ya mapokezi, macho kwenye kioo.

"Rudini ndani," alisema Mwenyekiti. "Wote. Na mlango ufungwe."

Mwenyekiti ni mama mtu mzima asiyepandisha sauti hata siku moja. Ndiyo maana wanamwogopa.

"Jirani alikuwa atoke mwakani," alisema walipokaa. "Leo anasema Jumamosi. Kalenda, mwanangu, kazi yako ni tarehe. Hata jina lako la kwenu tumelisahau, tunakuita kwa kazi yako. Niambie, kimewapata nini?"

"Sijui, Mama."

"Tutangaze na sisi!" Bwana Mauzo aligonga meza. "Leo leo! Tuseme yetu inakuja, watu wazuie hela zao!"

"Tukitangaza leo tumejinyonga," Kalenda alisema. Akili ilikuwa inajua njia. "Maghala yamejaa mashine yetu ya zamani. Likizo inakaribia, wazazi ndio wanaanza kununua. Mzazi akisikia mpya inakuja, ya zamani atainunua ya nini? Maduka yatarudisha mizigo yote, na mpya yenyewe hatuna cha kuwaonyesha."

"Kwa hiyo tukae tunawatazama wakila?"

"Wanakula nini? Chipu yao na yetu zinatoka kiwanda kimoja. Sisi yetu tumeiahirisha kwa nini?"

Kila mmoja ndani ya chumba kile alijua kwa nini. Chipu ilikuwa inachemka. Ukicheza kitambo kirefu, feni inaanza kulia, kisha kioo kinazima, kisha plastiki inanuka. Kwenye chumba cha majaribio kuna meza yenye alama nyeusi ya mraba mpaka leo.

"Wao wamekimbilia kutoka bila kusubiri chipu mpya," Kalenda aliendelea. "Na gemu za kuchezea hawana, zitakuwa mbili tatu tu za kuonyeshea. Anayetoka wa kwanza anawahi wateja, sawa. Lakini anawahi na lawama. Watu wakianza kurudisha mashine madukani, sisi tunaingia na iliyo nzima, chipu imeshuka bei, gemu zimejaa rafu. Tunyamaze, Mama. Tuwaache waungue."

Bwana Mauzo akamtazama kama mtu anayemtazama simba wa kufugwa. "Dada, wewe ungekuwa mchawi ungetumaliza mtaa mzima."

Watu wakacheka. Wengine wakapiga makofi. Kalenda alikuwa ameshinda, na ndani ya ushindi ule moyo wake ulikuwa umekaa chini unalia.

"Vizuri," alisema Mwenyekiti. "Tunanyamaza. Sasa nenda kwa bwana harusi wako, ukaniulizie sauti yetu ilivukaje barabara. Ukifika mlangoni nipigie, uiache simu wazi mfukoni. Nataka kusikia kwa masikio yangu. Na la chipu, mdomo wako uwe kaburi."

"Bwana harusi," alisema. Wengine wakainamisha vichwa kuficha tabasamu.

Kwa anayejiunga nasi leo, nimpe siri ya nyumba hii. Kampuni ile haitamki neno "uzinduzi" hata chooni, maana kuta za ofisi zina marafiki kwa Jirani. Wakitaka kusema siku ya kutoa mashine, wanasema "harusi". Mashine ni "bibi harusi". Wenye maduka ni "mashemeji". Bwana Mauzo ndiye aliyebuni, siku Kalenda alipoingia ofisini na pete kidoleni. Alidhani anatania.

Na Kalenda alikuwa na harusi yake ya kweli. Jumamosi hii hii.

* * *

Njiani alimpigia Shangazi, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo.

"Shangazi, Kinanda amepita hapo?"

"Nianze na salamu au nianze na matusi? Gauni liko hapa tangu jana linakungoja ulijaribu. Nimelivaa mimi, fundi aone mkunjo. Limenibana nikatoka jasho."

"Shangazi, nakuuliza amepita?"

"Tangu siku ile hajapita."

"Siku ipi?"

"Ile uliyokuwa hapa uani unaongea na simu, unazunguka kamba ya nguo kama mbuzi. Alikuja na mfuko wa machungwa. Nikamwambia mchumba wako yuko nyuma, pita. Akafika mlango wa uani, akasimama. Akasimama weee. Halafu akageuka, akayaacha machungwa juu ya friji, akaniaga, 'Shikamoo Shangazi.' Nikashangaa, mtu anaagaje kwa shikamoo? Nikajua umemtuma dukani."

Kalenda alisimama katikati ya njia. Mwenye baiskeli akamkwepa, akamtupia neno ambalo gazeti hili halichapi.

"Shangazi. Siku ile nilikuwa nasema nini kwenye simu?"

"Mimi sisikilizi simu za watu."

"Shangazi!"

"Ulisema harusi mmeisogeza mbele. Na mashemeji wasiambiwe, watapiga kelele. Mimi nilijua ni yale mambo yenu ya ofisini, ulishanieleza mimi. Kwani yeye hukumweleza?"

Hakumweleza. Siri ilikuwa ya ofisi; Shangazi aliijua kwa kuwa simu zilipigwa uani kwake, na Kinanda hakuwa mtu wa ofisi. Kinanda alikuwa mtu wake tu.

* * *

Studio ya Kinanda ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Kuta amezibandika trei za mayai kutoka chini hadi juu, na mlango ameuvalisha godoro kuukuu. Ukiingia, dunia inakatika kama redio iliyochomolewa. Katikati kuna kioo kinene. Upande huu meza ya mitambo, upande ule kibanda kidogo chenye maikrofoni.

Kalenda alipiga namba ya Mwenyekiti, akaitumbukiza simu mfukoni mwa blauzi, akasukuma godoro.

Kinanda alikuwa anakunja nyaya. Hakuinua uso.

"Hatujafungua."

"Ni mimi."

"Nimekujua. Ndiyo maana nimesema hatujafungua."

"Umewapa mluzi wangu."

"Wako?" Sasa aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu, ndevu hazijaguswa. "Mdomo uliokuwa unaupiga ni wa nani? Niliupiga ukiwa unaitika. Siku hizi huitiki. Basi acha uite wengine."

"Kinanda, ulisikia vibaya."

"Nimesikia vibaya? Mimi? Nasikia feni iliyolegea msumari mmoja nyumba ya tatu. Nilisikia hivi." Akaiga sauti yake, na aliiiga sawasawa kiasi kwamba Kalenda alishtuka. "'Harusi tumeisogeza mbele. Ndiyo. Mashemeji wasijue mapema. Bibi harusi hayuko tayari, akikaa kidogo anachemka.' Unachemka, eh? Nikikuoa mimi unachemka?"

Angekuwa mahali pengine pote, Kalenda angecheka. Alifungua mdomo acheke, kikatoka kilio.

"Si sisi! Si harusi yetu! Ni mashine! Siku ya kutoa mashine, ofisini tunaiita harusi. Bibi harusi ni mashine. Mashemeji ni wenye maduka. Nilikuwa namwambia Mwenyekiti tumeahirisha kuitoa mashine!"

Waya ulimponyoka Kinanda mkononi.

Alikaa juu ya spika. Midomo ilimcheza bila sauti, akiyapitia yale maneno moja moja upya na kuyaweka mahali pake.

"Mashine," alisema.

"Mashine."

"Mungu wangu." Akajishika kichwa. "Mungu wangu, Kalenda. Mimi nilienda kwa Jirani. Nilienda nimevurugika. Mkubwa wao akaniuliza kwa nini naleta sauti ambayo nilishawapa wenzao. Nikalia mbele yake kama mtoto. Nikamwambia, 'Wamesogeza harusi mbele, nimemsikia mwenyewe akimwambia Mwenyekiti wake.'"

"Akasemaje?"

"Alitulia kidogo. Akauliza, Mwenyekiti anahusikaje na harusi ya mfanyakazi? Halafu akatabasamu. Akatoka nje mbio, nikasikia anapiga kelele kwenye korido: 'Wamesogeza mbele! Wanatuwahi! Tutoke Jumamosi!'"

Msomaji, hebu litazame neno hili moja. *Mbele.* Kalenda alisema mbele, akimaanisha baadaye, baada ya likizo. Mkubwa wa Jirani alikwisha ng'amua kwamba harusi ile ni mashine; akasikia mbele, akaelewa mapema, kabla yake. Akatoa mashine isiyoiva kwa kumkimbia mtu ambaye alikuwa hata hajasimama. Na Kinanda, aliyelielewa neno sawasawa, akalibandika kwenye harusi yake mwenyewe. Mdomo mmoja, masikio mawili, na nyumba mbili zimewaka.

"Kwa hiyo yetu ipo?" Kinanda aliuliza polepole. Uso ulianza kufunguka, na ndani yake akaonekana yule kijana wa getini. "Yetu ni Jumamosi hii, kama tulivyosema?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo Kalenda alipotakiwa kujibu.

Neno moja lingetosha. Lakini yeye ni mtu wa tarehe, na kichwa chake kilikwenda kwanza kwenye tarehe. Jumamosi Jirani anatoka. Jumamosi simu zitalia. Jumamosi Mwenyekiti atamtaka ofisini tangu asubuhi. Alimeza mate, akatazama chini.

Ni kitambo kidogo tu. Lakini yule ni mtu anayesikia msumari mmoja uliolegea.

"Aa," alisema Kinanda. Uso ukafunga.

"Sijasema kitu!"

"Nimesikia. Mara ya kwanza ulisema kiwanda kimechelewa, tukasogeza. Mara ya pili maduka, tukasogeza. Nikavumilia, nikawa nawaambia kaka zangu kazi yake ni kubwa. Unajua kwa nini niliamini siku ile pale uani? Kwa sababu haikunishangaza. Neno sikulikosea, Kalenda. Nilikosea harusi tu."

"Kinanda, tafadhali."

"Jumamosi nina kazi. Nimewaahidi Jirani nitapanda jukwaani mbele ya watu, niwashe mashine kwa mkono wangu. Tafuta tarehe nyingine. Hiyo ndiyo kazi yako."

Akainuka, akaelekea mlango wa kibanda. Kalenda akamkamata shati.

"Usiiwashe!"

"Niache."

"Chipu ni mbovu! Inachemka, Kinanda, kweli, si mafumbo! Itazima mikononi mwako mbele ya mji mzima. Wakinunua, wataziweka juu ya magodoro, watoto watalala nazo zinawaka. Kwetu imechoma meza!"

Alikuwa amesema. Kaburi lilikuwa limefunguka.

Kinanda alicheka kicheko kibaya, kikavu.

"Hata sasa. Hata sasa unapanga nani atoke lini. Nikiwaambia Jirani maneno haya wataahirisha, nanyi mtawahi. Umenijia na machozi ili nikufanyie kazi ya ofisi."

"Naapa kwa kaburi la mama yangu!"

"Kama ni kweli, yaseme hadharani. Sema chipu yao ni mbovu, na yenu ni hiyo hiyo. Sema mnayo mashine mpya na mmeificha. Hapo nitakuamini."

Kalenda alimwachia shati. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaeleza asubuhi: ukitangaza mpya, ya zamani inafia rafuni. Ukitangaza mpya ni mbovu, umezika zote mbili kwa jembe moja.

"Nilijua," alisema Kinanda. Akaivua pete yake, akaiweka juu ya meza ya mitambo kwa upole, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Akaingia kibandani, akafunga mlango, akavaa hedifoni, akampa mgongo.

Nyuma ya kioo kile, hata ukipiga ukunga, mtu hasikii.

Na hapo, katika ukimya wa trei za mayai, blauzi ya Kalenda ikasema.

"Mwanangu."

Alikuwa ameisahau. Aliitoa simu mfukoni.

"Mama..."

"Nimesikia yote." Sauti ya Mwenyekiti ilikuwa ya chini kama kawaida. "Nimemsikia na yeye. Pole. Mimi pia niliwahi kuwa na mtu wangu, nikawa namwambia subiri. Alisubiri, halafu siku moja hakusubiri. Yanaumiza, lakini yanapita."

"Yalipita, Mama?"

"Hajakuamini," alisema Mwenyekiti badala ya kujibu. "Hiyo ni bahati. Siri bado ipo. Wafikirie akina mama wanaofunga maboksi kule chini. Mafundi. Walinzi. Ukifungua mdomo Jumamosi, wote umewarudisha nyumbani. Waache Jirani waungue, kama ulivyosema mwenyewe, na watu walikupigia makofi. Niahidi, Kalenda. Niahidi utanyamaza."

Kalenda alitazama kioo. Mgongo wa Kinanda ulikuwa umeinama juu ya maikrofoni. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka. Alikuwa analia, au alikuwa anapiga mluzi. Kwa upande huu wa kioo huwezi kutofautisha.

Mwanamke huyu amepanga siku za watu maishani mwake mwote. Siku ya kununua, siku ya kungoja, siku ya kutamani. Moja tu ndiyo ilikuwa yake, na kila ilipokaribia aliisukuma kwa mkono wake mwenyewe.

Aliiweka simu juu ya meza, kando ya pete. Hakuikata. Kwenye mitambo kulikuwa na kitufe chekundu, kile ambacho fundi hubonyeza anapotaka kusema na mtu aliye kibandani. Kinanda alimfundisha zamani, siku ambazo kila kitu kilikuwa mchezo.

Akakibonyeza.

"Kinanda," alisema. Mgongo haukugeuka. Hakujua kama hedifoni zile zimewashwa au ni pambo tu la kumfukuzia. Alijua kwamba sikio moja kwa hakika linasikia, lile la kwenye simu.

"Kalenda, usithubutu," simu ilisema.

"Usigeuke kama hutaki. Pete nimeiona, sikudai chochote. Lakini Jumamosi, kabla kidole chako hakijaigusa mashine ile, nitakuwa nimepanda jukwaani. Nitawaambia watu chipu ni mbovu, yao na yetu, na kwamba aliyetaka tunyamaze ni mimi. Unioe, usinioe, nitasema. Nakuahidi mbele ya Mwenyekiti wangu, anasikia hapa. Na siku hii, mpenzi wangu, siisogezi. Si mbele, si nyuma."